Breki kwanza, spidi baadae: balansi kwa vijana wetu wa mpira Dodoma

Spidi tunayo ya kutosha. Pita viwanja vya huku jioni, Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota, Nzuguni, popote, angalia vijana wanavyokimbia kwenye ule upepo na vumbi, utakuta mawinga wa miaka 16 ambao wakifungua mguu hakuna beki wa mtaani wa kuwakamata. Shida inakuja pale anapotakiwa kusimama. Beki kaziba njia, winga anataka kukata ndani, mwili unaendelea kwenda mbele wenyewe, mguu umebaki nyuma kwenye changarawe, goti linaingia ndani, hapo ama anapoteza mpira ama anakaa chini kashika enka. Watu pembeni wanasema dogo hana bahati. Mi nasema dogo hana breki, na pikipiki isiyo na breki hakuna anayesifia injini yake.

Nimekuwa nikisaidia timu za vijana hapa mjini kwa muda sasa, za mchangani na za shule zinazojiandaa na UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu linafundishika, tena bila hela. Ndo maana nimeamua kuliandika kwa urefu, anayetaka kupitia haraka anisamehe.

Angalia tizi tunazowapa. Siku hizi ngazi ya kamba imekuwa kama alama ya kocha wa kisasa, unaitandika chini, vijana wanapita miguu inachezacheza, mtu anarekodi kwa simu, inapendeza kweli. Sina ugomvi na ngazi, inachangamsha miguu na watoto wanaipenda, lakini kijana akishaikariri hafikirii tena, na kwenye mechi hamna kamba chini inayomwambia mguu aweke wapi. Mwaka 2006 watafiti Sheppard na Young walipitia tafiti za wepesi wa wanamichezo wakaueleza kuwa ni mwendo wa haraka wa mwili mzima, unaobadilisha spidi au uelekeo, kwa kuitikia kitu fulani. Hayo maneno ya mwisho ndo yenye uzito, kwa kuitikia kitu. Beki kasogea, mpira umedunda vibaya kwenye shimo, mwenzako kaita. Kwaiyo mtu mwepesi lazima aone, aamue, apunguze mwendo, ashike mwili wake, ageuke, alafu ndo aondoke tena. Kwenye ngazi ya kamba hapo sanasana unapata kuondoka.

Katikati ya kuona na kuondoka ndipo vijana wetu wanapovunjika, na hapo katikati ndipo mazoezi ya balansi na uthabiti yanapofanya kazi.

Mwili unajuaje kwamba unaanguka? Unatumia vitu vitatu kwa pamoja, macho, sikio la ndani, na vipokezi vidogo vilivyomo kwenye misuli, kano na ligamenti, zile nyuzi zinazofunga mfupa na mfupa, ambavyo kila saa vinapeleka taarifa kwamba enka imepinda kiasi gani, goti liko wapi, uzito umeelemea upande upi. Ubongo unazipanga, sehemu ile ya nyuma ya ubongo ikifanya kazi kubwa, alafu misuli inaamrishwa. Mchezaji macho yake yako kwenye mpira na kwa beki, hawezi kuangalia mguu wake unakanyaga wapi, kwaiyo mzigo mkubwa unabaki kwa vile vipokezi vya chini. Mwaka 1965 huko Uingereza daktari Freeman na wenzake waliandika kwamba watu wengi waliowahi kuteguka enka huendelea kuhisi mguu unawakimbia kwa sababu zile taarifa kutoka kwenye ligamenti zimeharibika, na wakawapa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba. Leo inajulikana kuwa mambo ni mapana zaidi ya hapo, nguvu ya misuli imo, nyonga imo, hata hofu ya mtu imo, ila ule msingi umebaki: mguu ulioteguka unatakiwa kufundishwa upya kusimama, maumivu kuisha peke yake hakutoshi.

Kuna jambo moja ambalo lilibadilisha kabisa namna ninavyofundisha, muda. Watafiti waliochambua video za wachezaji waliokata ligamenti ya goti, ile ACL ambayo kila shabiki anaijua, walikadiria kwamba inakatika ndani ya takriban milisekunde 50 tangu mguu uguse chini. Sekunde moja ina milisekunde 1,000, sasa piga hesabu mwenyewe. Msuli ukisubiri upate taarifa kwamba goti linaenda vibaya, uitikie, na ujenge nguvu ya kulizuia, muda huo umeshapita. Kwa maana hiyo mwili unaopona ni ule uliojiandaa kabla mguu haujagusa ardhi, misuli ya paja la nyuma na nyonga imeshajikaza mguu ukiwa bado hewani. Hii haiji kwa kumpigia kelele mtoto "kuwa makini", makini ni ya kwenye kichwa na hapa kichwa hakiwahi. Inakuja kwa kurudia kutua na kusimama vizuri mpaka mwili unajiandaa wenyewe bila kuombwa, na ndo maana mazoezi haya yanachosha kwa kurudiarudia na ndo maana makocha wengi tunayaruka.

Alafu kuna kiuno na tumbo. Wakisikia "misuli ya tumbo" vijana wanalala chini wanapiga sitapu mia, wanataka ile misuli ionekane akivua jezi. Kazi ya tumbo kwenye mpira ni kuzuia mwili usiyumbe wakati miguu inafanya kazi. Miaka ya 1990 Hodges na Richardson kule Australia walionyesha kwamba kwa mtu mzima mwenye afya msuli wa ndani kabisa wa tumbo unawaka kabla mkono au mguu haujaanza kusogea, yaani mwili unafunga shina kwanza, na kwa watu wenye maumivu sugu ya mgongo huo msuli ulikuwa unachelewa. Shina likilegea, kifua kinaelemea upande, nyonga inashuka, goti linafuata kuingia ndani, enka inamalizia. Ukimwona mchezaji kashika enka wewe anza kuangalia nyonga yake, mara nyingi shida ilianzia juu.

Najua kuna wanaosema haya ni mambo ya Ulaya, wachezaji wenye vyumba vya mazoezi na madaktari sita. Nawaelewa, ila majibu yapo na mengine yametoka Afrika hapahapa. FIFA ina programu inayoitwa 11+, imetengenezwa na kituo chao cha utafiti wa tiba mwaka 2006 hivi, ina mazoezi 15 kwenye sehemu tatu, kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na balansi na kuruka dakika 10, kisha kukimbia kwa kasi dakika 2. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na koni, inafanyika wakati wa kupasha. Waliijaribu Lagos, Nigeria, kwenye ligi ya vijana wa kiume wa miaka 14 hadi 19, timu 20, wachezaji 416, matokeo yakachapishwa 2014: timu zilizofanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41, na yale ya miguu pungufu kwa asilimia 48. Lagos, jamani, sio London. Kabla ya hapo Norway walifanya kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, wachezaji 1,892, na mwaka 2008 wakatoa majibu kwamba majeraha yote kwa jumla yalishuka karibu theluthi moja na yale makubwa yakashuka karibu nusu. Kule Wisconsin, Marekani, McGuine na Keene waliwapa wanafunzi wa sekondari wanaocheza soka na basketi mazoezi ya balansi peke yake, na kuteguka enka kukapungua kwa asilimia 38, hiyo ni 2006.

Niseme na upande wa pili kwa sababu nataka mniamini. Kwenye kuzuia majeraha na kwenye balansi yenyewe ushahidi ni mzuri. Kwenye wepesi unaopimwa kwa saa, zile mbio za kuzunguka koni, tafiti hazikubaliani sana, kuna waliopata nafuu kidogo na kuna waliokosa, na hamna mtu atakayepata spidi ya mita 30 kwa kusimama mguu mmoja. Ninachokiona mimi uwanjani ni kwamba kijana akishajua kusimama anathubutu. Anaingia kwenye kona ya hatari akiwa na kasi yake yote kwa sababu anajua atasimama, wakati yule mwingine anaanza kupunguza mwendo mita tano kabla, na beki anapata muda wa kujipanga. Hiyo saa haiipimi vizuri lakini beki anaijua.

Haya, uwanja wetu sasa. Dodoma ni kavu, mvua zinakuja kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, miezi mingine yote ardhi ni ngumu kama sakafu na juu yake kuna changarawe laini inayoteleza, yaani vitu viwili vibaya kwa wakati mmoja, huwezi kung'ata chini na ukianguka unaanguka kwenye kitu kigumu. Mvua zikija maji yanachimba vijikorongo katikati ya uwanja, yakikauka vinabaki hivyo hivyo mwaka mzima. Uwanja wa Jamhuri una wenyewe, sisi tunabaki na hivi. Kuna kocha mmoja aliwahi kuniambia uwanja mbovu wenyewe ni zoezi tosha la balansi, nikamwelewa alichomaanisha ila sikubaliani. Uwanja mbovu unampa mtoto mshtuko asioutarajia akiwa kwenye kasi kubwa na kachoka, hapo anajeruhiwa kabla hajajifunza. Mwanzo inatakiwa sehemu iliyotulia, mwendo mdogo, akili safi, ugumu unaongezwa kidogo kidogo.

Kwaiyo mi naanzia barazani. Veranda ya darasa, sakafu ya saruji, au kipande cha ardhi kilichofagiliwa, na nasisitiza kufagiliwa kwa sababu hapa kwetu kuna mbigili, na unapotaka kijana avue viatu ili nyayo zihisi chini hutaki aondoke na miiba. Peku ni muhimu mwanzoni, vidole vinatakiwa kufanya kazi, ukimwangalia mtoto aliyezoea kujibana kwenye njumu ndogo utaona vidole vyake vimelala tu.

Anasimama mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, nyonga zote mbili usawa mmoja, goti linaelekea kilipo kidole cha pili cha mguu. Nusu dakika, kisha mguu mwingine. Siku ya kwanza wakubwa wanacheka. Kijana mmoja, stopa, mrefu, ananiuliza "kocha, hii si ya chekechea?" nikamwambia mwanangu funga macho. Akafunga, mguu ukaanza kutetemeka, mikono ikapaa, akakanyaga chini kabla sijamaliza hata kuhesabu kumi. Hajafanya kosa lolote, macho ndo yalikuwa yanamshikilia siku zote na yalipofungwa enka ikaachwa peke yake. Tangu siku hiyo ndo amekuwa wa kwanza kuvua viatu.

Wakishaweza hapo wanarushiana mpira kwa mikono wakiwa mguu mmoja, baadae wanapigiana pasi fupi, alafu wanasukumana mabegani taratibu, mwenzako anakujaribu kutoka upande usioutegemea na wewe unatakiwa ubaki. Hayo ya kusukumana yamo kwenye 11+ na ndo vijana wanayoyapenda kuliko yote kwa sababu kuna ushindani, nawaachia. Pembeni ya hayo planki, yaani kujishikilia juu ya viwiko na miguu, ya mbele na ya ubavu, mwili umenyooka, na hapa nashauri msishindane dakika ngapi, sekunde 20 au 30 zilizonyooka zinatosha kuliko dakika tatu za kiuno kilichoning'inia. Pia kuna lile la kupiga magoti mwenzako kakushika vifundo vya miguu unashuka mbele taratibu kadri unavyoweza, la misuli ya paja la nyuma, hilo lianze na marudio machache sana, matatu mpaka matano, maana kesho yake linauma na mtu anaweza kukukimbia tizi.

Kutua ndo sehemu ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Anaruka juu kwa miguu miwili, anatua, anaganda. Hasemi kitu, hasogei, sekunde mbili tatu. Naangalia magoti, yakikaribiana tunarudia. Nasikiliza sauti, akitua kwa kishindo maana yake mifupa imepokea, akitua kimya maana yake misuli imepokea, na hili ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la nne analielewa, unamwambia tu tua nisisikie. Kisha anaruka mbele na kutua mguu mmoja, kisha pembeni, pembeni ndo kwenye kazi kwa sababu kukata kona ni kuruka pembeni kwa mguu mmoja ukiwa na haraka. Kila ruko linaisha kwa kuganda. Wiki za mwanzo hakuna kuunganisha ruko na ruko, wanaomba sana, ila mtu asiyeweza kuganda hajamaliza kutua.

Baada ya hapo tunatoka barazani na viatu vinavaliwa. Mita kumi za kukimbia na kusimama kwenye mstari, hatua zinafupishwa, kiuno kinashuka, kifua hakiendi mbele ya magoti sana. Halafu kusimama na kugeuka. Halafu, na hii ndo sehemu ambayo ngazi ya kamba haina, kugeuka kwa kuitikia: nasimama mbele naonyesha mkono kushoto au kulia akiwa ameshakaribia, au wanasimama wawili wanatazamana mmoja anaongoza mwingine anafuata kila anachofanya, au mpira unarushwa na hajui utadunda wapi. Hapo zoezi linafanana na mechi. Yote hii ni dakika 15 mpaka 20, mara mbili tatu kwa wiki, mwanzoni mwa tizi wakati miguu bado mibichi. Ukiyaweka mwisho baada ya kuwakimbiza utakuwa unawafundisha kutua vibaya.

Kuna watu wananiuliza kuhusu yale mapira ya nusu, yale yaliyokatwa yenye ubapa chini, na mbao za kuyumba, kwamba wapi yanapatikana Dodoma na bei gani. Kama unayo tumia, kwa mtu anayetoka kwenye jeraha la enka yanasaidia sana. Ila ukisimama juu ya kitu kinachoyumba nguvu unayoweza kutoa inapungua, kwaiyo kwa kujenga nguvu ya miguu ardhi tulivu inashinda. Na mpira unachezwa kwenye ardhi isiyosogea, anayesogea ni wewe na beki. Kama timu ina hela kidogo mi ningenunua kwanza mipira inayodunda sawa, na viatu. Viatu hivi vya mtumba vya soko la Sabasaba vyenye meno marefu sita vimetengenezwa kwa majani laini, kwenye kifusi chetu kikavu mtu anasimama juu ya meno kama yuko juu ya misumari na enka inapinduka kirahisi, tafuteni vile vyenye meno mafupi mengi.

Kupima nako sio lazima maabara. Chora chini kwa kijiti mistari mitatu inayoachana, mmoja mbele, miwili nyuma inayotawanyika kushoto na kulia. Mchezaji anasimama mguu mmoja pale inapokutana, mguu mwingine anaunyoosha kadri anavyoweza kwenye kila mstari anagusa kidogo tu na kurudi bila kuanguka. Unapima kwa futi ya fundi cherehani, unaandika kwenye daftari, mguu wa kulia na wa kushoto. Mwaka 2006 Plisky na wenzake huko Marekani walipima hivi wachezaji wa basketi wa sekondari, wakakuta wale ambao miguu yao ilitofautiana kwa zaidi ya sentimita 4 kwenye mstari wa mbele walikuwa na uwezekano wa kuumia miguu mara mbili na nusu zaidi ya wenzao. Ni basketi sio soka, na kipimo kimoja hakitabiri kila kitu, lakini kwangu ile tofauti ya kulia na kushoto inanionyesha nani anahitaji mguu wake wa pili ushughulikiwe. Mara nyingi ni wale waliowahi kuteguka wakasema wamepona.

Na wasichana. Hapa nataka nisikilizwe vizuri. Shule ya Fountain Gate ya hapahapa Dodoma, wasichana wake walibeba ubingwa wa Afrika wa mashule kule Durban Aprili 2023, kwaiyo hakuna wa kuniambia mkoa huu hauna vipaji vya kike. Sasa msichana anayecheza mpira ana uwezekano wa kukata ligamenti ya goti mara mbili mpaka tatu zaidi ya mvulana, sababu zinatajwa nyingi, umbo la nyonga, homoni, namna ya kutua, na pia namna wanavyolelewa kimichezo, kwamba mvulana karuka kwenye mitaro tangu ana miaka mitano wakati dada yake yuko na ndoo ya maji. Umbo hatuwezi kulibadilisha, kutua tunaweza. Halafu unakuta wao ndo wanapewa uwanja giza likishaanza kuingia, wanarukishwa kupasha ili wawahi kucheza. Naumia nikiona hivyo. Timu ya wasichana ikiwa na dakika 40 tu za uwanja, 15 za kwanza zinatakiwa ziwe hizi, na zinaweza kufanyika pembeni ya uwanja wakati wavulana wanamalizia.

Watoto wa chini ya miaka 14 wana programu yao, 11+ ya watoto, ina mazoezi saba na yana mchezomchezo ndani yake, nayo ilijaribiwa kwenye nchi nne za Ulaya na majeraha yakapungua karibu nusu. Na ukiona mtoto wa miaka 13 aliyekuwa fundi ghafla kaanza kujikwaa, usimtupe benchi, mifupa imerefuka haraka kuliko mwili ulivyoweza kuzoea, huyo ndo wa kupewa mazoezi haya kwa upole.

Wakubwa zangu wa mabonanza ya Jumamosi pia, shikamooni, tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mmeongezeka sana viwanjani na magoti yenu nayaona, mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki asubuhi ni mwanzo mzuri.

Nimalizie kwa enka ambayo imeshateguka, maana simu nyingi ninazopigiwa ni za hilo. Mama mmoja alinipigia usiku, "mwalimu, mguu umevimba, nimchue na maji ya moto na chumvi?" Hapana mama yangu, sio leo na sio kesho. Siku mbili tatu za mwanzo kuchua kwa nguvu na joto vinaongeza uvimbe, mfungie bandeji, mguu uinuliwe, barafu kama ipo ifungwe kwenye kitambaa. Kabla ya hayo yote muulize kama anaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kama hawezi, au ukibonyeza ule mfupa wa enka wa ndani au wa nje kwa nyuma, au katikati ya mguu upande wa ndani au wa nje, anaruka kwa maumivu, huyo anapelekwa hospitali apigwe picha. Madaktari wa Ottawa, Canada, walitunga utaratibu huo mwaka 1992 na unatumika dunia nzima. Fundi wa kunyoosha mifupa asiguse kabla ya picha, tafadhali.

Kama mfupa uko salama, akianza kuweza kukanyaga bila maumivu makali anaanza balansi mapema, hata akiwa ameshika ukuta. Uvimbe kuisha sio ruhusa ya kucheza. Mimi namrudisha akifikia hapa: anasimama mguu ule macho yamefungwa karibu sawa na mguu mzima, anaruka mbele kwa mguu ule mmoja na kutua kimya umbali usiopungua asilimia 90 ya mguu mwingine, mstari wa mbele kwenye kile kipimo cha kijiti tofauti iko chini ya sentimita 4, na anakata kona pande zote mbili kwa kasi bila kuniangalia usoni kuona kama nimemwona. Mechi ya kwanza anaingia dakika 20 za mwisho. Na yale mazoezi ya mguu mmoja anaendelea nayo msimu mzima, kwa sababu enka iliyowahi kuteguka ndo iliyo kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena, na hamna kocha wa timu pinzani atakayemkwepesha.